Aliyeitwa asirudishwe kwa sababu ya ada



Leo ni Dominika ya Nne ya Pasaka, ambayo tumezoea kuiita Dominika ya Mchungaji Mwema. Tangu mwaka 1964, Papa Paulo VI alipoianzisha, siku hii imekuwa siku ya kuombea miito duniani kote. Makanisani leo tutamwomba Bwana wa mavuno apeleke watenda kazi shambani mwake. Kisha, baada ya Komunyo, atasimama mtu wa kamati na kutangaza sadaka ya pili kwa ajili ya seminari. Hapo ndipo wengine wetu huanza kutafuta funguo za gari, na wengine hukumbuka ghafla kwamba wameacha maharage jikoni.

Naomba leo tubaki kidogo kwenye hiyo sadaka ya pili. Kumwomba Mungu aite watu ni jambo jema, lakini Mungu akishaita, sisi tunafanya nini? Mtu akija mlangoni akasema, "Nimeitwa," halafu hana ada, hana cheti, au umri umemwendea, tunamjibu nini?

Ili tulitafakari swali hilo, nitawasimulia habari za chuo kimoja ambacho si cha Kanisa letu Katoliki. Kilikuwa cha ndugu zetu Waanglikana wa Uingereza. Kilianzia nje ya nchi yao, huko Ufaransa, mwanzoni mwa mwaka 1919, katika majengo ya jeshi. Baada ya muda mfupi tu kikahamia kwao na kuingia ndani ya gereza. Mwaka 1922 kikatoka gerezani humo. Ukikipima kwa umri, hutakiona kitu. Lakini kilizaliwa kutokana na ahadi moja ambayo kila Kanisa linapaswa kujiuliza kama linaweza kuitoa, na likishaitoa, kama linaitimiza.

Nyumba ya Poperinge

Habari yenyewe inaanzia vitani. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Uingereza yalipigana kwa miaka minne kuuzunguka mji wa Ypres, Ubelgiji. Askari waliishi kwenye mahandaki yaliyojaa matope, panya na maiti. Yapata kilomita kumi na mbili nyuma ya mji huo kulikuwa na mji mdogo wa Poperinge. Askari waliopewa mapumziko walikwenda huko kuoga, kula, kunywa, na kusahau kwa siku mbili tatu yale waliyoyaona.

Tarehe 11 Desemba 1915, kasisi wa jeshi aitwaye Philip Clayton, ambaye kwa unene wake rafiki zake walimwita Tubby, alifungua nyumba ya mapumziko katika mji huo. Lilikuwa jumba la mfanyabiashara wa maua yanayotiwa kwenye bia. Aliifungua pamoja na mkuu wake, Neville Talbot, naye kasisi wa jeshi. Nyumba ikaitwa Talbot House, kwa kumkumbuka Gilbert, mdogo wake Neville, luteni kijana aliyeuawa huko Hooge tarehe 30 Julai mwaka huohuo. Walikuwa watoto wa askofu.

Sheria ya nyumba ile ilikuwa moja: ukiingia mlangoni, cheo chako unakiacha nje. Jenerali na askari wa kawaida walikaa meza moja wakanywa chai moja. Yeyote anayejua jeshi, au hata anayejua ofisi zetu, ataelewa kwamba hilo si jambo dogo. Juu kabisa, darini, Clayton alitengeneza kanisa dogo. Altare ilikuwa meza ya fundi seremala iliyookotwa kwenye banda la bustani. Maelfu ya vijana walipanda ngazi kwenda kupokea Ekaristi kwenye meza hiyo ya useremala, wakashuka, wakarudi mahandakini. Wengi hawakupanda tena.

Na hapo, ndugu msomaji, likatokea jambo ambalo viongozi wa Kanisa hawakulitazamia. Vijana walianza kumfuata kasisi faragha na kumwambia: "Padre, nikitoka hai katika vita hivi, nataka kuwa kasisi." Hawakuwa wanaume wa kanisani tu. Walikuwamo makarani na watu wa viwandani, na walikuwamo walioacha shule wangali watoto ili wakafanye kazi. Clayton hakuwacheka, wala hakuwaambia wasubiri vita viishe. Aliyaandika majina yao. Orodha ikazidi kurefuka. Baadhi ya walioandikwa hawakuishi kuiona amani.

Mlango uliokuwa mwembamba

Hapa inafaa tuelewe hali ilivyokuwa Uingereza. Kabla ya vita, njia ya kawaida ya kuufikia ukasisi katika Kanisa la Uingereza ilipitia chuo kikuu. Ilitakiwa ujue Kilatini na Kigiriki, na uwe na baba mwenye uwezo wa kukulipia miaka mingi. Zilikuwapo nyumba chache za watawa wa Kianglikana, kama Kelham na Mirfield, zilizosomesha vijana maskini. (Wasomaji wa kusini mwa Tanzania wataikumbuka jumuiya ya Mirfield kwa njia ya Trevor Huddleston, mwanajumuiya wake, aliyekuja kuwa Askofu wa Masasi mwaka 1960.) Lakini nyumba hizo zilikuwa matundu madogo kwenye ukuta mrefu. Mtoto wa mchimba makaa aliyeacha shule akiwa na miaka kumi na mitatu angeweza kusikia sauti ya Mungu usiku kucha kama Samweli, na asubuhi akaenda mgodini kama kawaida.

Tunamkumbuka Samweli kama mtoto aliyeitwa, lakini tunamsahau Eli (1Sam 3). Samweli aliposikia sauti alikimbilia kwa mzee Eli, na mara mbili Eli akamrudisha kulala. Mara ya tatu ndipo mzee alipoelewa kwamba ni Bwana anayemwita kijana, akamfundisha namna ya kuitika. Je, kama Eli angemfukuza hata mara ya tatu? Katika kila wito kuna watatu: Mungu anayeita, anayeitwa, na Kanisa linalopaswa kuitambua sauti. Sisi tunapenda kumchunguza yule wa pili. Yule wa tatu hatumchunguzi.

Clayton na wenzake walikwenda kwa Eli wao. Askofu Mkuu wa Canterbury wakati huo alikuwa Randall Davidson, mzee mwangalifu asiyependa makeke. Naye mwaka 1918, vita vikiwa bado havijaisha, alitoa ahadi: askari yeyote ambaye wito wake utaonekana kuwa wa kweli hatazuiwa kupata daraja kwa sababu tu hana fedha. Kanisa litabeba gharama.

Itafakari ahadi hiyo kwa utulivu. Askofu hakusema kila anayetaka atapewa daraja. Hakusema masomo yatalegezwa. Alisema tu kwamba umaskini hautakuwa sababu. Utapimwa kwa mengine yote, lakini hutapimwa kwa mfuko wa baba yako.

Kutoka kambini hadi gerezani

Vita vilikoma tarehe 11 Novemba 1918. Majeshi hayarudi nyumbani kwa siku moja, na askari wengi wa Uingereza walibaki Ufaransa wakingoja zamu ya kurudi. Ikaonekana si vema kupoteza muda. Hivyo mwanzoni mwa mwaka 1919 chuo kikafunguliwa huko Le Touquet, mji wa pwani ya Ufaransa, katika majengo yaliyokuwa shule ya kijeshi ya kufundishia bunduki za rashasha. Nabii Isaya alitabiri kwamba panga zitafuliwa kuwa majembe (Isa 2:4). Huko Le Touquet, mahali palipofundishwa namna ya kuwafyeka watu kwa mamia, pakaanza kufundishwa Kilatini, Kigiriki na Maandiko Matakatifu.

Mkuu wa chuo alikuwa kasisi Frederick Russell Barry. Alikuwa hajafikisha miaka thelathini, na vitani alikuwa ametunukiwa nishani ya ushujaa. Clayton alikuwa pamoja naye. Wanafunzi wao walikuwa watu wazima. Mtu aliyeongoza kikosi chini ya mizinga sasa alikaa kwenye benchi akihangaika na vitenzi vya Kilatini kama mtoto wa darasa la kwanza. Sisi tuliopitia seminari ndogo tunayakumbuka maumivu ya vitenzi hivyo tukiwa na miaka kumi na minne, na kumbukumbu ingali safi. Fikiria kuanza ukiwa na miaka ishirini na minane, mikono ikitetemeka bado kwa ajili ya mabomu.

Chuo cha Le Touquet hakikumaliza hata mwaka. Askari walikuwa wanarudishwa kwao, na chuo kikawafuata. Kule Uingereza nchi ilikuwa imechoka, na jengo la kupokea mamia ya watu halikuwa rahisi kupatikana. Lililopatikana lilikuwa gereza tupu katika mji wa Knutsford, kusini mwa Manchester.

Gereza hilo lilikuwa na historia yake. Lilijengwa zaidi ya miaka mia moja nyuma. Watu walikuwa wamenyongwa humo. Wakati wa vita walifungwa humo watu waliokataa kushika silaha kwa sababu ya dhamiri zao. Mwaka 1916, baada ya maasi ya Pasaka kule Dublin, mamia ya wafungwa wa Ireland, wengi wao Wakatoliki, waliletwa humo. Nadhani kuta za Knutsford zilishasikia Rozari nyingi kabla hazijasikia zaburi za Waanglikana.

Humo ndimo walimoingia waliotaka kuwa makasisi. Kila mmoja alipewa selo yake: mlango mzito, kidirisha kidogo juu, kitanda chembamba. Mtu angesema hakuna mahali pabaya kuliko hapo pa kuandaa wahudumu wa Injili. Mimi nasema pengine palifaa. Mtume Paulo aliandika baadhi ya nyaraka zake akiwa kifungoni. Na padri ambaye amelala selo, akijua kwamba aliyelala hapo kabla yake hakuwa na ufunguo, huenda akawasikiliza watu kwa namna nyingine anapokaa kwenye kiti cha maungamo.

Shule ya kupima

Jina la chuo lilieleza kazi yake: kilikuwa shule ya kupima. Hakikutoa daraja, wala hakikuchukua nafasi ya chuo cha teolojia. Kilimchukua mtu ambaye vita na umaskini vilimnyima shule, kikamfikisha kwenye kiwango cha kuingia chuo kikuu au chuo cha teolojia, na wakati huohuo kikamtazama anavyosali, anavyosoma, anavyokaa na wenzake, anavyoshindwa na anavyoinuka. Yeye naye alijitazama. Wako walioendelea mpaka altareni. Wako waliogundua kwamba sauti waliyoisikia ilikuwa hofu ya kifo, au huzuni ya kupoteza rafiki, wala si wito wa ukasisi. Wakaaga, wakarudi kwenye kazi zao.

Mtu asiyeelewa atasema hao walioondoka walikuwa hasara: wamekula fedha za Kanisa bure. Hapana. Hao walipewa kitu ambacho watu wengi hufa bila kukipata: jibu la kweli. Hawakuzeeka wakijiuliza, "Ningekuwa nani kama ningekuwa na ada?" Kanisa liliwaheshimu kiasi cha kuwapima.

Barry alifundisha pamoja na wengine, akiwamo kasisi Mervyn Haigh, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa Coventry na kisha wa Winchester. Haigh alikuwa ametoka wapi? Alikuwa kasisi wa jeshi huku kwetu, Afrika Mashariki, katika vita vya Waingereza na Wajerumani vilivyovuka nchi hizi tangu 1914 hadi 1918. Hapo, ndugu msomaji, habari ya Knutsford inagusa mlango wetu.

Kila anayekwenda Kariakoo, Dar es Salaam, kununua vitenge au simu anatamka neno lililozaliwa na vita hivyo. Kariakoo ni matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, na mahali hapo palikuwa kambi yao. Wapagazi hao walikuwa malaki, vijana waliochukuliwa vijijini kubeba risasi, unga na mizinga iliyovunjwa vipande vipande. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa njaa, kuhara na malaria. Ahadi ya mwaka 1918 haikutolewa kwao. Hakuna aliyepita na daftari kambini kuuliza kama kati yao yupo aliyesikia sauti ya Mungu porini usiku, na mzigo wa unga kichwani.

Sisemi hivyo ili kuitia doa kazi ya Clayton na Barry. Walifanya walichokiona mbele yao. Nasema hivyo kwa sababu kila ahadi ya Kanisa ina mpaka ambao walioitoa hawauoni. Sisi nasi tuna wapagazi wetu ambao hatuwaulizi. Na Mungu hakusubiri daftari la mtu: mapadri wa kwanza wazalendo wa Kanisa Katoliki katika nchi yetu walipewa daraja mwaka 1917, vita vikiwa bado vinaunguruma. Hao nao walikuwa watoto wa wakulima.

Ahadi yetu ni ya zamani zaidi

Msomaji Mkatoliki asijipige kifua na kusema, "Hayo ni ya Waanglikana." Sisi ahadi yetu ni ya zamani kuliko ya kwao. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, ulipoagiza kila jimbo liwe na seminari, ulitaka wachaguliwe hasa watoto wa maskini. Watoto wa matajiri wasikataliwe, ila wajilipie. Ni zaidi ya miaka 450 sasa. Na Sheria ya Kanisa ya sasa, kanuni ya 233, inasema wajibu wa kukuza miito ni wa jumuiya nzima ya waamini. Kisha inaongeza jambo ambalo mapadri wengi tumelipita haraka darasani: mapadri, na hasa maaskofu, wawasaidie kwa busara, kwa neno na kwa tendo, hata watu wazima wanaojiona wameitwa.

Kwa hiyo kimaandishi sisi ni matajiri. Tatizo lipo pale karatasi inapokutana na orodha ya mahitaji: ada, sare, godoro, shuka mbili, ndoo, madaftari, nauli. Nimeona mama akiisoma orodha hiyo ofisini kwangu, mstari kwa mstari, kisha akaikunja taratibu na kuitia kwenye kanga. Hakulalamika. Alisema, "Asante, Baba," akaondoka na mtoto wake.

Mimi mwenyewe nilisomeshwa na watu nisiowajua. Mwaka 1889 kule Caen, Ufaransa, mama mmoja na binti yake, Stephanie na Jeanne Bigard, walianzisha kazi ya kukusanya fedha kwa ajili ya seminari za nchi za misheni. Leo tunaiita Shirika la Kipapa la Mtakatifu Petro Mtume. Mapadri wengi wa Afrika Mashariki tumekula ugali wake. Kuna bibi fulani mahali fulani alitoa sarafu kwenye sadaka ya pili, akaniwezesha mimi kusoma falsafa, bila kujua kama ningefika au ningeishia njiani. Nami sikuwahi kumwandikia hata barua ya shukrani, kwa sababu sikumjua. Deni la namna hiyo hulipwi kwa kurudi nyuma. Hulipwa kwa kwenda mbele.

Na hapa lazima niungame. Miaka mingi iliyopita, nikiwa paroko, alikuja kwangu kijana wa miaka ishirini na saba. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Alikuwa ameishia darasa la saba, kwa sababu baba yake alifariki na yeye akawa ndiye baba wa wadogo zake. Akanishikia miguu, akasema, "Baba, nimekuwa nikisikia hili jambo tangu kipaimara. Sasa wadogo zangu wamemaliza shule. Nifanyeje?"

Siku hiyo nilikuwa na mazishi saa nane na semina ya ndoa saa kumi. Nilimwambia umri umepita, elimu haitoshi, amtumikie Mungu kwa kazi yake. Yote niliyomwambia yalikuwa sawa kwa kanuni za kawaida. Nilitumia dakika kumi. Sikumuuliza anasalije. Sikuuliza kuhusu shule ya watu wazima, wala kuhusu mashirika ya mabruda wanaopokea mafundi. Sikumwandikia barua mkurugenzi wa miito. Nilimwangalia cheti ambacho hakuwa nacho, na nikadhani nimemwangalia yeye.

Mwaka jana nilikwenda kutoa Misa katika kigango kimoja cha mbali. Katekista aliyenipokea alikuwa yeye. Mvi zimeanza. Ana mke na watoto wanne. Kwa miaka kumi na miwili ameongoza ibada za Dominika pale padri asipofika, amewazika wafu, amewafundisha watoto. Madirisha ya kanisa ameyachomelea mwenyewe. Aliniamkia kwa furaha, akanipa maji ya kunawa. Sikujua kama ananikumbuka mpaka tulipokuwa tunaagana, aliponiambia, "Baba, ulinishauri vizuri."

Ndugu msomaji, sijui kama nilimshauri vizuri. Huenda Mungu alimtaka awe hapo hapo alipo, na matunda ni mazuri. Lakini hilo ni sifa kwa Mungu na kwa yule fundi, si kwangu. Mimi sikumpima. Nilimrudisha kulala kama Eli, na hakuja mara ya tatu.

Chuo kilichokufa vizuri

Mwaka 1922 chuo kilitoka kwenye gereza la Knutsford. Wimbi la askari lilikuwa limepita, waliokuwa wapimwe walikuwa wamepimwa. Kazi iliendelea kwa udogo mahali pengine, mwisho huko Hawarden, Wales, mpaka Vita vya Pili vilipoikomesha. Gereza lenyewe lilibomolewa. Barry alikuja kuwa Askofu wa Southwell. Clayton alitumikia parokia karibu na Mnara wa London kwa miaka arobaini. Ukienda leo Knutsford kutafuta chuo, hutakiona.

Je, kilishindwa? Sisi Waafrika tunapenda majengo. Tunapima Kanisa kwa mabati, vigae na bamba la jiwe la msingi lenye jina la mgeni rasmi. Lakini chembe ya ngano isipoanguka ardhini ikafa, hubaki peke yake (Yn 12:24). Chuo kile kilikuwa na ahadi moja ya kutimiza kwa watu wa kizazi kimoja. Kilipoitimiza, kilifunga mlango. Ziko taasisi zinazoishi miaka mia mbili bila kuikumbuka ahadi iliyozizaa. Heri mlango uliofungwa ukiwa umekwisha kuwapokea waliobisha.

Basi leo, kabla hujatafuta funguo za gari, fikiri mambo mawili. Kwanza, sadaka ya pili si mchango wa hisani. Ni ahadi ya Kanisa ikiwa kwenye noti na sarafu. Bwana Yesu alituonya juu ya mtu anayeanza kujenga mnara bila kuhesabu gharama (Lk 14:28). Tukiomba miito bila kutoa ada ya mwitwa, tunafanana na mtu huyo. Jumuiya ndogo ndogo moja yenye familia kumi na tano inaweza kumbeba kijana mmoja kwa mwaka: mmoja godoro, mwingine nauli, mwingine gunia la mahindi. Wala msidai lazima awe padri ndipo mhesabu kwamba hamkupata hasara.

Pili, kwa mapadri wenzangu, masista, makatekista na walimu: kijana akija, au mtu mzima akija, mpe zaidi ya dakika kumi. Mkulima wa shamba la mizabibu aliwaajiri watu hata saa ya kumi na moja (Mt 20:1-16). Alipowauliza kwa nini wamekaa siku nzima bila kazi, jibu lao lilikuwa fupi na la kusikitisha: hakuna aliyewaajiri. Si kwamba walikuwa wavivu. Hakuna aliyewauliza.

Mimi nimekwisha kuamua. Dominika ijayo ninarudi kwenye kile kigango. Mtoto wa kwanza wa yule katekista anamaliza darasa la saba mwaka huu. Sijui kama ameitwa. Sitamwambia ameitwa. Nitakaa chini, nitamsikiliza, na orodha ya mahitaji nitakuwa nayo mfukoni mwangu mimi, si kwenye kanga ya mama yake.

Nawatakieni Dominika njema ya Mchungaji Mwema.